Fundi aliyeshindwa kutunga uzi: kisa cha sigara, vepu na kidonge cha kifua

Kisa hiki kinatoka kliniki ya kifua ya hospitali moja ya pwani ya Tanzania, ninakofanya kazi kama afisa tabibu. Mhusika ameridhia kisimuliwe. Mji nimeuficha, umri na mpangilio wa familia nimeugeuza kidogo. Kazi yake nimeiacha, maana mafundi cherehani kwetu ni wengi kuliko wateja. Tutamwita Mzee Fundi.

Mgonjwa

Miaka 54, anashona kanzu na sare za shule barazani kwake. Sigara alianza akiwa na miaka 17, na kwa muda mrefu sasa humaliza pakiti moja ya sigara ishirini kwa siku. Kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vimegeuka rangi ya chai. Kanzu aliyokuja nayo ilikuwa na vitundu viwili vidogo karibu na goti, alama za cheche, na aliniambia akicheka kwamba za wateja amezitoboa nyingi zaidi.

Kikohozi kilikuwa na miaka mitatu. Kilichomleta ni pumzi: ngazi za msikitini zilimshinda, akawa anasimama katikati kama anayesubiri mwenzake. Makohozi yalipimwa kifua kikuu, hayakuwa nacho. Kwa mvutaji ni lazima kupima, kwa sababu sigara inaongeza sana uwezekano wa kuugua kifua kikuu. Kipimo cha kupuliza kilionyesha njia za hewa zimebana: pumzi aliyoitoa katika sekunde ya kwanza ilikuwa asilimia 58 ya ile inayotarajiwa kwa mtu wa kimo na umri wake, na dawa ya kutanua haikuirudisha. Huo ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, na kwake yeye chanzo kilikuwa moshi.

Dawa alizokuwa nazo ni pampu ya salbutamol na vidonge vya theofilini, vyote vya kutanua njia za hewa; vidonge ni miligramu 300 asubuhi na 300 jioni. Vidonge aliandikiwa kituo kingine miezi sita kabla. Sisi tuliviendeleza, kwa sababu dawa bora zaidi za kuvuta zilikuwa juu ya uwezo wake. Hapo mporomoko wote ulikuwa umeshaanza, ila hakuna aliyeuona.

Jambo moja zaidi, ambalo kwenye faili halikuandikwa kabisa: Mzee Fundi ni mtu wa kijiweni. Mdila wa kahawa chungu unapita mtaani kwao asubuhi, baada ya adhuhuri na usiku, naye hunywa vikombe vidogo vinane hadi kumi kwa siku. Hatukumuuliza.

Majaribio ya kuacha, na mpwa kutoka Dubai

Alikwisha jaribu kuacha mara mbili. Kila Ramadhani anakaa bila sigara tangu alfajiri mpaka magharibi, halafu anawasha tende ikiwa bado mdomoni. Nilitaka kuanza na bandika la ngozini au ubani wa kutafuna wenye nikotini, dawa ambazo Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2009. Nilipiga simu maduka manne ya dawa mjini, hakuna aliyekuwa nazo. Nikamwambia apunguze kidogo kidogo, ushauri ambao kila mtu huutoa anapokuwa hana kingine cha kutoa.

Wiki ya tano mpwa wake akarudi likizo kutoka Dubai, ambako vepu, yaani sigara za kielektroniki, zinauzwa madukani kihalali tangu 2019. Akamletea mjomba wake vepu, ya kuchaji na kujaza, pamoja na chupa tatu za kimiminika chenye ladha ya embe. "Mjomba, achana na masizi hayo. Huu ni mvuke tu."

Si mvuke tu. Ni kimiminika cha propilini glikoli, gliserini, viungo vya ladha na nikotini kinachopashwa na waya wa umeme mpaka kinatoka kama ukungu. Kwenye chupa iliandikwa miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita. Ndani ya Umoja wa Ulaya na Uingereza mwisho unaoruhusiwa ni 20.

Alikuja nacho kliniki, akakiweka mezani kwangu kati ya muhuri na kitabu cha mahudhurio. "Daktari, niambie kweli. Hiki nacho ni sumu ileile?"

Tulichoamua, na kwa nini

Kumjibu "ndiyo, sumu ni sumu" kungekuwa rahisi. Ni jibu linalomlinda mtoa huduma kuliko mgonjwa. Nilimwambia hivi: nikotini ndiyo inayokushika, lakini moshi ndio unaokuua. Tumbaku inapoungua hutoa kemikali zaidi ya 7,000, na takribani 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Humo mna lami inayogandia mapafuni na kaboni monoksidi inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Kifaa hiki hakichomi kitu, kwa hiyo lami na kaboni monoksidi hamna. Kina mengine: kemikali za kuwasha njia ya hewa, chembechembe za metali kutoka kwenye waya, na nikotini inayopandisha presha na kuharakisha moyo. Kwa mtu anayemaliza pakiti kwa siku, na ambaye mapafu yake yamefikia asilimia 58, kuhama kabisa ni nafuu. Kwa asiyevuta, ni hasara tupu.

Nilimwambia pia kwamba shirika hilohilo la afya haliziungi mkono bidhaa hizi zinavyouzwa holela kama njia ya kuacha sigara, na kwamba laiti bandika zingekuwepo, tungeanza na bandika.

Sharti langu lilikuwa moja: asichanganye. Alilivunja. Kwa wiki mbili alivuta vepu na sigara pamoja, akashuka kutoka ishirini hadi sita, akaja kliniki na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Ilinibidi nimharibie furaha hiyo. Kwa mapafu, sita ni afadhali kuliko ishirini. Moyo hauhesabu hivyo. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2018 ulionyesha kuwa sigara moja tu kwa siku inabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo na kiharusi inayobebwa na sigara ishirini. Mishipa ya damu haina bei ya rejareja.

Alinyamaza kidogo, kisha akataja siku mwenyewe. Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri, alitoa pakiti yenye sigara nne na kuizamisha kwenye ndoo ya maji machafu. Hakugusa sigara nyingine wiki nzima.

Siku ya sita

Dalili zilianza taratibu. Jumanne usingizi ulikatika, tukadhani ni arosto, ile kiu ya sigara ambayo hupamba moto siku ya pili na ya tatu. Jumatano kichefuchefu. Alhamisi mchana alikuwa na sare ishirini za kumalizia, na uzi wa cherehani ukakatika. Akaukata ncha kwa meno, akaulowesha mate, akaupeleka kwenye tundu la sindano. Ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni. Mkono ulikuwa ukitetemeka kama wa mtu mwenye homa, na kila alivyokaza macho ndivyo ulivyozidi. Mwishowe akamwita mtoto wa jirani amtungie. Mtu aliyetunga uzi maisha yake yote alinisimulia hilo kwa sauti ya chini kuliko alivyonisimulia kutapika.

Magharibi moyo ulikuwa ukigonga mpaka anausikia masikioni. Mkewe alimnyang'anya kifaa, akakifungia kabatini, akatuma mtoto dukani akalete sigara. Mzee hakuivuta. Alitapika usiku, na Ijumaa saa mbili asubuhi wakawa mlangoni kwetu.

Mapigo ya moyo yalikuwa 118 kwa dakika, presha 152 kwa 90. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mwendo wa kasi lakini wenye mpangilio. Madini ya potasiamu kwenye damu yalikuwa 3.1, chini ya kawaida. Daktari wa zamu, kijana makini, alikuwa ameshaandika: *sumu ya nikotini kutokana na sigara ya kielektroniki, ameshauriwa asitumie tena.*

Mkewe alikuwa na lake. "Daktari, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sigara ameivuta miaka thelathini na saba, haijamlaza hospitali hata siku moja. Hiki kidubwana wiki moja tu." Alikuwa amesikia pia habari za Wamarekani waliovuta vepu wakafa kwa mapafu. Kisa hicho ni cha kweli: hadi Februari 2020 Marekani ilihesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa na vifo 68. Ila wengi walikuwa wamevuta vimiminika vya bangi vya magendo vilivyochanganywa na mafuta ya vitamini E, na ugonjwa wenyewe hushambulia mapafu. Mapafu ya mzee wetu yalikuwa yanasikika vizuri kuliko mwezi uliotangulia.

Hesabu iliyogoma

Maelezo ya sumu ya nikotini yalikuwa na mantiki, isipokuwa saa hazikukubali. Nusu ya nikotini iliyo kwenye damu huondoka kwa takribani saa mbili. Kifaa kilinyang'anywa magharibi. Sisi tulimpima baada ya saa kumi na tatu. Kufikia hapo nikotini ilishagawanywa nusu kwa nusu mara sita, imebaki chini ya sehemu moja ya hamsini. Moyo bado unakimbia kwa 118.

Jambo la pili: kifaa kilekile, chupa ileile, miligramu zilezile alizitumia wiki mbili kabla *pamoja na* sigara sita, na hakutetemeka. Alianza kutetemeka alipo*ondoa* kitu.

Alichoondoa ni moshi. Ndani ya masizi ya tumbaku, kama ilivyo kwenye mishkaki iliyoungua, kuna kemikali zinazolichochea ini kutengeneza kwa wingi kimeng'enya kiitwacho CYP1A2. Kimeng'enya hicho ndicho kinachovunja theofilini. Mvutaji huisafisha theofilini kwa kasi ya mara moja na nusu hadi mbili ya asiyevuta, ndiyo maana vidonge viwili vya 300 vilikuwa vinamtosha bila kumdhuru. Ukizima moshi, ndani ya siku chache hadi wiki ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida. Dozi inabaki ileile, dawa inajaa. Nikotini haina uchochezi huo, kwa hiyo vepu haikuziba pengo.

Na kimeng'enya hichohicho ndicho kinachovunja kafeini. Theofilini na kafeini ni ndugu wa tumbo moja, zinagombania mlango mmoja wa kutokea. Vile vikombe kumi vya kahawa chungu, ambavyo kwa miaka yote ini lake lilivipitisha haraka, sasa vilikuwa vinakaa. Mkono kutetemeka, moyo kukimbia, kukosa usingizi, kutapika, potasiamu kushuka: ni picha ya theofilini iliyozidi. Pampu ya salbutamol nayo hushusha potasiamu, na sikatai kwamba miligramu 50 za nikotini zilitia chumvi kwenye kidonda. Kipimo cha theofilini kwenye damu hatuna, hivyo tuliamua kwa saa na kwa historia.

Uamuzi wa pili

Theofilini tuliisimamisha kabisa. Kitabu kingesema punguza robo hadi theluthi, lakini bila kipimo cha damu, kwa mtu ambaye tayari anatapika, na kwa dawa ambayo faida yake kwa ugonjwa huu ni ndogo, sikuona sababu ya kubahatisha. Alipewa potasiamu, akalazwa usiku mmoja. Kahawa ishuke hadi vikombe vitatu, cha mwisho kabla ya alasiri.

Mjadala mkali ulikuwa juu ya vepu. Daktari wa zamu alitaka ikome. Mimi niliona mtu wa siku saba bila sigara, mwenye pakiti mpya nyumbani na mke anayeitetea pakiti hiyo. Ukimnyang'anya nikotini yote siku hiyo, usiku atavuta. Tulikubaliana aendelee, kwa kimiminika cha miligramu 20, ambacho mpwa alikipata. Mtu akipunguziwa nguvu huvuta mara nyingi zaidi kufidia, kwa hiyo tulimwambia aandike tarehe kila anapofungua chupa, tuone inamchukua siku ngapi.

Kibarua kigumu kilikuwa mkewe. Nilichora kwenye karatasi ini, bomba na mifereji miwili, nikamweleza kwamba kilichomwangusha mumewe ni kidonge chetu. Alinitazama kwa muda. "Kwa hiyo kosa ni lenu." Ndiyo, mama.

Matokeo

Jumapili mapigo yalikuwa 86, na Jumatatu alitunga uzi mwenyewe. Miezi mitatu baadaye makohozi yamepungua na ngazi za msikitini anazipanda bila kusimama. Kipimo cha kupuliza cha mwezi wa sita kilisoma asilimia 60. Asitegemee zaidi ya hapo. Tishu iliyokwisha haribika hairudi, kinachopatikana ni kupunguza kasi ya kuporomoka. Mwezi wa nne alivuta sigara tatu msibani, kaka yake alipofariki, na kesho yake akaja mwenyewe kuniambia kabla sijauliza.

Mwaka umepita, sigara havuti. Vepu anavuta. Chupa iliyokuwa inaisha kwa siku nne sasa inachukua tisa. Hilo linaendana na jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa 2019, lenye washiriki 886: walioacha sigara kwa mwaka mzima walikuwa asilimia 18 kwa waliopewa sigara za kielektroniki, na 9.9 kwa waliopewa bandika na bidhaa nyingine za nikotini. Lakini kati ya waliofaulu kwa vepu, wanane katika kila kumi walikuwa bado wanaivuta mwaka ulipoisha. Inaondoa moshi kuliko inavyoondoa uraibu.

Tulichokosea

Kosa la kwanza ni letu na halina utetezi: tulipanga siku ya kuacha sigara bila kupitia orodha ya dawa. Lingetokea hata kama angetumia bandika, au angeacha kavukavu kwa nguvu ya imani. Wenzetu wa kliniki za afya ya akili walijue hili zaidi, kwa sababu dawa zao za klozapini na olanzapini zinapita mlango huohuo wa ini, na wagonjwa wao wengi ni wavutaji.

La pili ni haraka ya kumtafuta mchawi. Kitu kipya kikiingia nyumbani na mtu akaugua, kitu kipya ndicho mshitakiwa. Kama cheti kile cha kwanza kingesimama, Mzee Fundi angerudi kwenye sigara, ini lingechangamka tena, theofilini ingeshuka, mkono ungetulia, na mtaa mzima ungeshuhudia kwamba sigara imemponya. Nafikiri juu ya hilo kila ninapoona cheti kimeandikwa "sumu ya nikotini".

Sikumtajia ile namba maarufu kwamba vepu ina madhara pungufu kwa asilimia 95, iliyotangazwa na idara ya afya ya umma ya Uingereza mwaka 2015, na sijutii. Ilitokana na makadirio ya jopo la wataalamu, haikupimwa kwa watu. Kifaa cha kisasa kilibuniwa na mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003; saratani ya mapafu huchukua miongo kujitokeza. Naweza kusema "pungufu kwa kiasi kikubwa" kwa mvutaji, basi. Namba niliyomtajia ni ya madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50: aliyeacha sigara akiwa na takribani miaka 50 alijipatia miaka sita hivi ya kuishi.

Yule tusiyemuuliza

Kosa la tatu lina miaka 15. Ni mjukuu, analelewa palepale nyumbani, sigara hajawahi kugusa kwa sababu alichukia harufu yake kwenye nguo za babu. Embe halikuwa na harufu mbaya. Mwalimu alimkuta chooni shuleni na kifaa cha babu, na alipoletwa kwangu alikuwa ameshaanza kutoka darasani kila kipindi, hasira karibu, usingizi mbovu.

Yale yote niliyomwambia babu kuhusu lami na kaboni monoksidi hayakuwa na kazi kwake. Babu alitoka kwenye moshi. Huyu alitoka kwenye hewa safi, na ubongo ambao utaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na tano hivi hunasa nikotini upesi kuliko wa mtu mzima. Sikumwandikia dawa. Anakuja Jumamosi, tunaongea nusu saa, na mwezi huu ametimiza siku kumi na tisa.

Babu humleta mwenyewe, hukaa kwenye benchi la nje. Wiki iliyopita nilimuuliza kifaa kiko wapi. Kimo kwenye droo ya cherehani, akasema, pamoja na mkasi na chaki. Ufunguo anao mkewe, na humpa mara tatu kwa siku, kama dozi.